Kuondoa Nywele kwa Umeme: Sayansi Yake na Hukumu Yake

Kwa jina la Allah, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba wake na wote waliofuata mwenendo wao kwa wema.



Katika darsa zetu hapa Musinzira tumezoea kupokea maswali kwa vikaratasi visivyo na jina, ili mwenye haya naye apate kuuliza. Muhula huu vikaratasi vitatu viliuliza jambo moja kwa njia tatu. Ukhti wa kwanza aliandika kwamba ameota ndevu kidevuni tangu akiwa na miaka 17. Kila alfajiri huzing'oa kwa kibano kabla ya kwenda darasani, na sasa posa imefika nyumbani kwao Muyinga. Anauliza: je, anaweza kuziondoa moja kwa moja kwa ile sindano ya umeme? Ukhti wa pili ameambiwa na wenzake bwenini kwamba mwanamke yeyote anayeondoa unywele usoni amelaaniwa, basi ameacha kuja kwenye darsa kwa aibu ya kidevu na kwa hofu ya laana. Wa tatu ni Akhi ambaye kila akinyoa hutoka vipele shingoni vyenye usaha. Yeye anataka ndevu zote ziondoke milele, asahau wembe.

Nimeombwa kujibu kwa kuwa nasoma sayansi za afya. Kwa upande wa fiqhi nilikaa na masheikh wetu kabla ya kushika kalamu, na nimefuata zaidi madhehebu ya Imam Shafi'i kwa kuwa ndiyo tuliyolelewa nayo wengi wetu. Nawaomba msome hadi mwisho, kwa sababu maswali haya matatu yanafanana kwa nje, lakini hukumu zake hazifanani.

1. Jambo hili limetoka wapi?

Wengi wetu tunadhani kuondoa nywele kwa umeme ni mambo ya urembo ya watu wa mijini. Asili yake ni hospitali ya macho, na maradhi yaliyoleta fani hii tunayajua vizuri hapa kwetu.

Kuna ugonjwa wa macho unaoitwa trakoma, ambao Waswahili wengi huuita vikope. Huletwa na bakteria na huenezwa kwa mikono, vitambaa na nzi wanaotua kwenye macho ya watoto. Mtu akiambukizwa mara nyingi tangu utotoni, upande wa ndani wa kope hufanya makovu. Makovu hayo huvuta kope kuelekea ndani, na nywele za kope zikaanza kukwaruza jicho kila mtu anapopepesa. Mwisho wake ni upofu. Wazee wengi walipitisha miaka wakizing'oa nywele hizo kwa kibano, nazo zikarudi kila mara, fupi na kali kuliko mwanzo.

Mwaka 1875, daktari wa macho wa Marekani aitwaye Charles Michel, katika mji wa St. Louis, aliandika juu ya tiba aliyoitumia kwa wagonjwa wa namna hiyo. Aliingiza sindano nyembamba kwenye shimo la unywele wa kope, akapitisha umeme mdogo wa betri, na unywele ule haukuota tena. Hiyo ndiyo elektrolisisi ya kwanza ya kuondoa nywele. Madaktari wa ngozi waliichukua kutoka kwake wakaitumia usoni, na baadaye ikaingia saluni.

Nimelitaja hili kwa sababu mbili. Kwanza, tupate kushukuru: mwezi Julai 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Burundi imetokomeza trakoma kama tatizo la afya ya jamii. Kazi hiyo ilifanyika kwa miaka mingi kwa upasuaji wa kope, dawa, maji safi na kuosha uso, na Mwislamu anayetawadha vizuri mara tano kwa siku anaelewa thamani ya kuosha uso. Pili, ni kwa ajili ya hukumu: kifaa hiki kilianza kama tiba ya kuondoa madhara. Sindano yenyewe si halali wala haramu. Hukumu inafuata unywele unaoondolewa, sababu ya kuuondoa na namna unavyoondolewa.

2. Unywele unaotaje, na umeme unaufanya nini?

Unywele unaouona juu ya ngozi ni kitu kisicho na uhai. Uhai wake uko chini, ndani ya kifuko kidogo kinachoitwa kinyweleo. Chini kabisa ya kinyweleo kuna kinundu kinachopata damu, na ubavuni mwake kuna seli za asili zinazoweza kuujenga unywele upya. Wembe hukata juu tu. Kibano, uzi na nta huchomoa unywele pamoja na shina lake, lakini kiwanda kinabaki. Ndiyo maana unywele hurudi baada ya wiki kadhaa.

Hapa nisahihishe dhana moja inayosemwa sana bwenini: wembe hauongezi nywele wala hauzifanyi nene. Unywele uliokatwa una ncha butu, kwa hiyo ukiota huhisika mgumu mkononi, lakini idadi na unene wake ni ule ule.

Kila unywele una vipindi vitatu: kipindi cha kukua, kipindi kifupi cha kusinyaa, na kipindi cha kupumzika kabla ya kuanguka. Nywele za mwili haziko katika kipindi kimoja zote kwa pamoja. Leo hizi zinakua na zile zimelala. Umeme hufanya kazi vizuri zaidi kwenye unywele unaokua, kwa hiyo hakuna fundi anayeweza kumaliza kidevu kwa siku moja. Anayekuahidi hivyo anataka fedha zako.

Sasa tuangalie umeme. Ndani ya kinyweleo kuna unyevu wenye chumvi. Mkondo mnyoofu, kama ule wa betri, ukipita katika maji ya chumvi huyavunja. Mwenye kuhudumiwa hushika mkononi kipande cha chuma kilichounganishwa na upande chanya. Sindano iliyo ndani ya kinyweleo ni upande hasi. Kwenye sindano hutokea gesi ya hidrojeni na hidroksidi ya sodiamu, ile ile magadi makali ya kiwandani inayotumika kutengeneza sabuni. Magadi hayo ndiyo yanayoyeyusha kiwanda cha unywele. Umeme hapa ni mtengenezaji wa dawa, na dawa hutengenezwa pale pale inapohitajika.

Wanaosoma kemia wataipenda hesabu yake. Kwa kanuni za Faraday, chukua mkondo wa miliampia 0.3 kwa sekunde 20. Hiyo ni kulombu 0.006. Gawanya kwa 96,485, upate idadi ya moli. Zidisha kwa 40, ambayo ni uzito wa moli moja ya hidroksidi ya sodiamu. Jibu ni takribani mikrogramu 2.5, yaani sehemu mbili na nusu za gramu moja iliyogawanywa mara milioni. Punje moja ya chumvi ya mezani ni nzito kuliko hiyo mara nyingi. Kiasi hicho kidogo kinatosha kwa kinyweleo kimoja, na kikizidi huunguza ngozi na kuacha kovu. Ndiyo maana kazi hii inataka mkono uliofundishwa.

3. Aina zake, na tofauti yake na leza

Ziko njia tatu. Ya kwanza ni hiyo ya mkondo mnyoofu, ambayo ni ya polepole lakini ya uhakika. Ya pili hutumia mkondo geu wa masafa ya juu, ambao hautengenezi magadi bali hutia joto na kukausha shina la unywele. Hii ilianza Ufaransa katika miaka ya 1920, na ni ya haraka sana, sekunde chache au chini yake kwa unywele mmoja. Ya tatu huchanganya hizo mbili, magadi na joto, na ilipata hataza Marekani mwaka 1948.

Wengi huchanganya elektrolisisi na leza. Leza haina sindano. Ni mwanga mkali unaofuata rangi nyeusi ya unywele, ukageuka joto chini ya ngozi. Kwa kuwa hufuata rangi, una matatizo mawili. Unywele mweupe au mwepesi wa rangi hauoni. Na kwa ngozi nyeusi kama zetu, leza isiyofaa huona rangi ya ngozi pia, ikaiunguza na kuacha madoa. Ipo leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064 ambayo ni salama zaidi kwa ngozi nyeusi, basi anayeelekea huko aulize jambo hilo kabla ya kulipa.

Elektrolisisi haijali rangi ya ngozi wala ya unywele. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani huiruhusu elektrolisisi iitwe njia ya kuondoa nywele kwa kudumu, lakini leza huruhusiwa kuitwa njia ya kuzipunguza kwa kudumu.

Hata hivyo ngozi yetu ina mitihani yake. Nywele zetu zimejikunja, na mara nyingi hata kinyweleo chenyewe kimepinda chini ya ngozi, kwa hiyo sindano iliyonyooka inaweza kukosa shina. Ngozi nyeusi ikiumia huacha doa jeusi linalokaa miezi. Na wako kati yetu ambao kila kidonda kwao hugeuka kovu nene lililovimba. Ikiwa sikio lako lilipotobolewa lilitoa kovu la aina hiyo, usikubali sindano hii kidevuni bila kuonana na daktari wa ngozi.

4. Sharia inasemaje?

Wanazuoni wamezigawa nywele za mwili katika mafungu matatu.

*Fungu la kwanza: nywele tulizoamrishwa kuziondoa.* Hizi ni za kwapa na za kinena. Zimo katika sunna za fitra zilizopokewa na Abu Hurayra (R.A.) katika Bukhari na Muslim, na katika hadithi ya Anas (R.A.) kwa Muslim tumewekewa mpaka kwamba zisiachwe zaidi ya siku 40.

*Fungu la pili: nywele tulizokatazwa kuziondoa.* Hapa zimo ndevu za mwanamume na kutinda nyusi.

*Fungu la tatu: nywele zilizonyamaziwa.* Za mikono, miguu, kifua na mgongo. Wanazuoni wengi wanasema asili yake ni ruhusa.

Kuhusu laana aliyoisikia Ukhti wa pili, msingi wake ni hadithi ya Ibn Mas'ud (R.A.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, inayomtaja mwanamke anayewanyofoa wenzake nywele za uso na yule anayetaka kunyofolewa. Hadithi ni sahihi, wala hatuna ruhusa ya kuidogosha. Lakini wanazuoni waliisoma pamoja na sababu iliyotajwa ndani yake: kutafuta uzuri kwa kugeuza umbile aliloliumba Allah. Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu aliyefariki mwaka 676 Hijria, anaeleza katika sherehe yake ya Sahih Muslim kwamba makatazo hayo yanahusu nyusi na pembezoni mwa uso. Mwanamke akiota ndevu au sharubu, anasema, si haramu kuziondoa, bali inapendeza aziondoe. Ibn Jarir al-Tabari alikuwa na rai kali zaidi, akakataza hata hilo. Nimeitaja ili mjue kwamba ikhtilafu ipo na ina watu wake, lakini tegemeo la madhehebu yetu ni kauli ya Nawawi.

Sababu yake iko wazi. Umbile la kawaida la mwanamke ni kutokuwa na ndevu. Anayeziondoa anarudi kwenye umbile hilo na kuondoa dhara. Mfano wake ni Arfaja (R.A.), Sahaba aliyekatwa pua vitani akaruhusiwa na Mtume (S.A.W.) kuweka pua ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Kurekebisha kasoro si sawa na kuchezea maumbile. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lililokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007 lilipitisha azimio juu ya upasuaji wa kurekebisha maumbile, na lilitenganisha hayo mawili: kuondoa kasoro inayomdhuru mtu mwilini au moyoni kunaruhusiwa kwa masharti, na kubadilisha umbile zuri kwa matamanio tu hakuruhusiwi.

5. Je, kuondoa moja kwa moja ni sawa na kunyoa?

Hapa ndipo penye uzito wa swali. Mtu atasema: sunna ni kunyoa kinena na kunyofoa kwapa. Nikiziua nywele hizo zisiote tena, si nimeifuta sunna yenyewe?

Jibu nililolipata kwa masheikh ni hili. Makusudio ya sunna hiyo ni usafi, na njia ya kuufikia ni pana. Nawawi amepokea kisa cha Imam Shafi'i mwenyewe (R.A.), aliyeingiliwa na mtu akakuta kinyozi anamnyoa kwapa. Imam akaeleza kwamba anajua sunna ni kunyofoa, ila hawezi kustahimili maumivu yake. Ikiwa Imam aliacha kunyofoa akachukua wembe kwa udhaifu wa mwili, basi njia si kitu cha kufungwa nacho.

Zaidi ya hapo, wanazuoni wa zamani walijua dawa ya kuondolea nywele iitwayo nura, mchanganyiko wa chokaa kali na madini ya zarniki, iliyopakwa katika nyumba za kuogea. Waliijadili na kuiruhusu kwa kinena. Angalieni jinsi mambo yanavyokutana: chokaa ile hula unywele kwa ukali wa magadi kutoka nje, na sindano ya leo hutengeneza magadi ndani ya shina. Tofauti iliyobaki ni kudumu kwake, na kudumu peke yake hakugeuzi halali kuwa haramu. Kwa hiyo wanazuoni wengi wa zama hizi wamejibu kwamba nywele iliyo halali kuondolewa kwa wembe ni halali kuondolewa kwa leza au umeme, na nywele iliyo haramu kuondolewa kwa wembe, kuiondoa kwa kudumu ni haramu zaidi, kwa sababu mtu amejifungia mlango wa kurejea.

Sasa turudi kwa waulizaji. Ukhti wa kwanza: ndevu za kidevu chako ni halali kuziondoa, hata kwa umeme, kwa masharti yatakayofuata. Ukhti wa pili: rudi kwenye darsa. Hukulaaniwa kwa kuondoa ndevu, ila ziache nyusi zako zilivyo. Akhi wa tatu: usiziue ndevu zako. Mtume (S.A.W.) ameamrisha ziachwe, na hata waliosema kunyoa ni makruhu tu hawakusudii uharibu shina lake. Na habari njema kwako ni kwamba vipele vyako vinaletwa na wembe wenyewe: unywele uliojikunja ukikatwa karibu na ngozi hurudi ukaichoma. Tiba ya kwanza ya daktari ni ile ile ya sunna, acha ndevu ziote. Vipele vikiwa na usaha, nenda upate dawa.

6. Masharti yake

*Awra.* Hili ndilo linalosahauliwa. Sehemu kati ya kitovu na magoti ni awra hata mwanamke kwa mwanamke mwenzake, na mwanamume kwa mwanamume mwenzake. Kuondoa nywele za kinena kwa sindano kunamtaka mtu mwingine aangalie na aguse mahali hapo kwa saa nyingi. Wembe unafanya kazi hiyo hiyo ukiwa peke yako nyuma ya mlango. Kwa hiyo pasipo ugonjwa hakuna haja inayohalalisha kuvua nguo kwa fundi. Kwa uso na mikono, Ukhti ahudumiwe na mwanamke, naye Akhi ahudumiwe na mwanamume.

*Madhara.* Msingi wa sharia ni kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana. Sindano ile huingia chini ya ngozi. Isiyokuwa mpya au isiyotakaswa inaweza kupitisha homa ya ini ya aina ya B na virusi vya Ukimwi. Fundi afungue pakiti ya sindano mbele ya macho yako, avae glovu, na asitumie sindano ya mteja aliyetangulia hata akisema ameifuta kwa spiriti. Historia inatuonya pia juu ya pupa ya vitu vipya. Katika miaka ya 1920 huko Marekani, wanawake wengi waliondolewa nywele za uso kwa eksirei kwa kuwa haikuuma. Baada ya miaka walipata makovu na saratani ya ngozi. Kutouma si dalili ya usalama.

*Israfu.* Tupige hesabu. Kidevu chenye nywele 400, kwa nusu dakika kila unywele, ni dakika 200, yaani saa 3 na dakika 20 kwa mzunguko mmoja. Nywele zilizolala zitaota, na nyingine zitataka kurudiwa, hivyo kazi huchukua mwaka mmoja au zaidi, kwa ziara za kila wiki chache. Ongeza nauli ya kwenda Bujumbura, Dar es Salaam au Nairobi. Mwanafunzi asile ada ya chuo kwa ajili hiyo, wala asichukue mkopo wa riba. Asiye na uwezo anao wembe na uzi, na hana dhambi yoyote kwa kidevu chake.

*Ibada.* Kuchomwa sindano ya ngozi hakuvunji funga. Katika madhehebu yetu damu inayotoka kwenye ngozi haivunji udhu, ila isafishwe kabla ya swala. Mafuta mazito yanayopakwa baadaye yaoshwe ili maji yafike kwenye ngozi. Mwenye ihramu haruhusiwi kuondoa unywele kwa njia yoyote. Na mwenye nia ya kuchinja udhiya ajizuie kuanzia mwandamo wa Dhulhijja hadi achinje, kwa hiyo apange ziara zake nje ya siku hizo.

7. Kabla ya sindano, nenda kwa daktari

Hili nalisisitiza kuliko yote niliyoandika. Ndevu kwa mwanamke mara nyingi ni ujumbe kutoka ndani ya mwili. Sababu inayotokea zaidi ni tatizo la vifuko vingi kwenye ovari, ambalo humpata takribani mwanamke mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa. Dalili zake ni hedhi inayopishana sana au kukosekana kwa miezi, chunusi zisizokoma, kuongezeka uzito na ndevu. Lisipotibiwa linaweza kuleta ugumu wa kushika mimba na kisukari. Katika baadhi ya familia ndevu ni urithi tu na vipimo vyote viko sawa.

Madaktari wana kipimo kinachotumika tangu mwaka 1961: huangalia sehemu 9 za mwili, kila moja ikapewa alama 0 hadi 4. Jumla ya 8 na kuendelea kwa kawaida huhesabiwa kuwa nywele zimezidi. Kama nywele zimekuja ghafla ndani ya miezi michache, sauti ikawa nzito na nywele za kichwani zikapungua mbele, usingoje likizo. Nenda hospitali wiki hii, kwani huenda ni uvimbe unaotoa homoni.

Homoni zikiachwa bila tiba, sindano itaua nywele 400 na mwili utaamsha nyingine 400 pembeni yake. Fedha itapotea na huzuni itarudi. Anayetanguliza daktari hutumia muda mchache kwa fundi. Na kwa Ukhti mwenye posa: tatizo hili likithibitishwa na daktari, mweleze mwenzako kabla ya ndoa, kwa kuwa linagusa uzazi. Wengi wenye hali hii hupata watoto kwa tiba, na nyumba iliyojengwa juu ya ukweli haitikisiki kwa kibano kilichoonekana chini ya mto.

8. Neno kwetu sote

Ndugu zangu, dada zetu wawili wamebeba mzigo huu kimya tukiwa nao safu moja. Mmoja aliiacha darsa kwa sababu ya maneno ya bwenini. Katika Surat al-Hujurat, aya ya 11, Allah ametukataza kudharauliana na kupeana majina mabaya, na amewataja wanawake kwa wanawake wazi wazi. Anayemcheka mwenzake kwa unywele ambao hakuuotesha mwenyewe anakosoa kazi ya Muumba wake. Na anayetoa hukumu ya laana kwa hadithi aliyoisikia nusu amejitwika jambo zito. Ukiulizwa usilolijua, mpeleke muulizaji kwa sheikh kwa upande wa dini, na kwa daktari kwa upande wa mwili.

Maswali ya mjadala katika halaka

1. Taja mafungu matatu ya nywele na mfano mmoja wa kila fungu.
2. Kwa nini hukumu ya ndevu za mwanamke si sawa na hukumu ya nyusi zake?
3. Kisa cha Imam Shafi'i na kinyozi kinatufundisha nini juu ya njia na makusudio?
4. Kwa nini kuondoa nywele za kinena kwa fundi kuna tatizo, ilhali nywele zenyewe tumeamrishwa kuziondoa?
5. Mkondo wa miliampia 0.5 kwa sekunde 10 hutengeneza mikrogramu ngapi za hidroksidi ya sodiamu?

Allah (S.W.) atupe elimu yenye manufaa, awaponye wagonjwa wetu, awasitiri dada zetu na atuepushe na ndimi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.